Mashine Iliyosimama Mbele ya Mkono wa Zaina

Mashine ilisimama taya zake zikiwa zimebakiza upana wa kidole kuubana mkono wa Zaina. Hakuna aliyeizima. Umeme haukukatika: taa ziliendelea kuwaka, na kompresa ya hewa iliendelea kunguruma nje ya ukuta. Kwenye skrini yake ndogo yalitokea maneno kwamba mlango wa usalama uko wazi.

Mlango ulikuwa wazi kweli. Zaina ndiye aliyeufungua. Lakini mashine haikuwa na njia ya kulijua hilo, kwa sababu kuna mtu alishaiunganisha swichi ya mlango kwa kipande cha waya, umeme upite hata mlango ukiwa wazi. Kwa waya ule, hata mlango ungeng'olewa na kutupwa korongoni, mashine ingeendelea kuamini umefungwa.

Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona kwa macho yangu. Nimeanza na jambo hili kwa sababu najua mngenikatiza kulidai kama ningeanza na mengine. Sasa nitaeleza kwa utaratibu. Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi ya kufungasha, mnaotumiwa picha za mashine kwenye simu na kuambiwa mchague moja.

Watu wananiita Mama Neema. Nilizaliwa upande wa Irente, nikaolewa Kwai, na maisha yangu yote ya kazi nimeyatumia kutia chai kwenye mifuko, kwanza kwa mkono, baadaye kwa mashine katika kiwanda kimoja cha chai huku milimani. Nilipostaafu nilidhani nitalima karoti na kuota jua. Kikundi cha akina mama wa hapa Kwai kikanifuata. Wanatengeneza chai ya viungo: majani wanayanunua upande wa Bumbuli, mchaichai na tangawizi wanakausha wenyewe, wanachanganya, wanafungasha. Maduka ya Tanga na Lushoto mjini yalikuwa yamewaambia wazi kwamba mifuko ya mkono hailingani, mingine inavuja, na kama hali haibadiliki watatafuta chai kwingine. Kikundi kilihitaji mashine, na mtu wa kuisimamia alishajulikana. Ni Zaina.

Zaina ni mtoto wa wakulima wa mboga wa huku bondeni, mama wa watoto wadogo, na mikono yake ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba. Akichota chai kwa kijiko, mizani ilikuwa ya kumthibitishia tu. Ni mcheshi pia. Siku ya kwanza nilipowaeleza habari za mashine aliniuliza, "Sasa shikamoo nitakupa wewe mama, au nitampa yeye kwanza?" Nikamwambia anipe mimi, yule haitikii.

Kwa hiyo sikutumwa kutafuta mashine nzuri tu. Nilitumwa kutafuta mashine ambayo tungeweza kumsimamisha Zaina mbele yake kila siku, na jioni akarudi kwa watoto na vidole vyake vyote.

Mashine ninayoizungumzia ni ile ya wima. Kwa asiyeijua: nyuma yake kuna rola la plastiki. Plastiki inapanda, inapita juu ya shingo ya chuma tunayoiita kola, inajikunja kuzunguka bomba kama kanga inavyozunguka kiuno, na mshono wa mgongoni unachomwa. Chini kuna taya mbili za moto. Zikifumba zinafunga kichwa cha mfuko uliotangulia na kitako cha mfuko unaofuata kwa pamoja, na kisu kilichofichwa katikati yake kinakata. Bidhaa inashuka ndani ya bomba, taya zinafumba tena. Inapendeza kuitazama. Ukiitazama sana unasahau kwamba taya zile hazitofautishi plastiki na kitu kingine chochote.

Aliyenifundisha ni Mzee Shemhilu, fundi mkuu wa kiwandani kwetu, Mungu amrehemu. Kidole chake kimoja cha kulia kilikuwa kifupi. Tukimuuliza alisema kile kilistaafu kabla yake, na hapo mazungumzo yaliisha. Jambo aliloniachia ni hili, nalo nimelibeba hadi leo: unapochagua mashine, usianze kuitazama mashine. Mtazame mtu aliyezoea kazi ile kwa mkono. Angalia mkono wake unapenda kwenda wapi bila yeye kuutuma. Kisha nenda kwenye mashine uangalie mahali hapo pana nini.

Kiwandani hawakumsikiliza kila mara. Mkubwa mmoja alikwenda maonyesho akarudi na mashine aliyoonyeshwa ikifungasha mchele. Mchele unateleza, mifuko ilikuwa inatoka kama inaitwa majina. Ilipofika kwetu tukatia chai. Majani ya chai hayatelezi, yanashikana mikono. Yalikwama kwenye koo la hopa, lile faneli la juu la kumwagia bidhaa, mfuko mmoja ukatoka mtupu na wa pili ukatoka na chai ya wawili. Kwa miaka tukawa tunaigonga hopa kwa nyundo ya mpira, na nyundo ile tukaipa cheo cha meneja msaidizi. Ikipotea kazi inasimama, na meneja mwenyewe anaitafuta.

Kwa hiyo fundisho la kwanza ni kwenda kwenye majaribio na bidhaa yako mwenyewe, tena ile mbaya, yenye vumbi na vijiti, si ile uliyoichambua kwa ajili ya wageni. Kama ni unga, unataka mashine yenye skrubu ya kuusukuma ushuke. Kama ni mchele au maharage, vikombe vya kupimia vinatosha. Chai kama yetu inataka mizani inayopima kabla ya kumwaga, na hopa inayotikisika. Vumbi la tangawizi lichunguze peke yake. Likikaa mahali taya zinapofumba, mshono unaonekana umeshika lakini haujashika, na utaligundua hilo dukani kwa watu. Utapiga chafya pia, lakini hiyo ni mishahara ya kawaida.

La pili, uliza upana wa mfuko. Kila upana una kola yake na bomba lake. Muuzaji akikuambia mashine inatoa mifuko ya kila saizi, muulize kola ngapi zinakuja nayo, utamwona anatafuta maji ya kunywa. La tatu, uliza umeme. Huku kwetu nyumba nyingi hazina umeme wa njia tatu, na mashine isiyojua hivyo itakuwa kabati la gharama.

Kuna jingine ambalo wa pwani hawalijui. Dalali mmoja, nitamwita Kiango, alipanda kutoka tambarare kutuletea mifuko ya mfano iliyofungwa chini kule, mizuri, imenyooka. Gari lilipomaliza kona za Soni ilikuwa imevimba. Alipoimwaga mezani kwetu ilikuwa imetuna kama vyura, mmoja ukapasuka wenyewe tukiwa tunausalimia. Hewa ya huku ni nyepesi, ile iliyofungiwa chini inataka nafasi. Na yetu ikishuka inafanya kinyume, inanywea, mwenye duka Tanga anadhani tumempunja. Kwa hiyo mashine ijaribiwe mahali itakapofanya kazi. Nilisema hivyo kwenye kikao na Kiango akakubali upesi, upesi kuliko nilivyotegemea. Alikuwa na mashine moja iliyotumika, akasema ataileta Kwai, tuitumie mpaka turidhike, ndipo tuseme neno.

Hivyo ndivyo ilivyoingia kwenye jengo letu.

Jengo ni la mawe, la zamani, madirisha membamba. Alasiri ukungu unashuka kutoka msituni na unaingia ndani bila kubisha hodi. Fundi wa Kiango aliifunga mashine, akaiwasha, akatuonyesha mifuko michache, akaondoka kabla ya ukungu. Nilibaki naiosha, maana mashine iliyotumika naisafisha mwenyewe; uchafu wake ndio wasifu wake. Kiango alisema hajui ilikuwa inafungasha nini, yeye aliinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu. Nyuma ya kola, mahali ambapo kitambaa hakifiki ila kwa kijiti, nilikuta chembe za chai. Haikuwa yetu. Ilikuwa chai tupu, nyeusi, isiyo na viungo, imekauka hadi haina harufu.

Nikawaza, basi huyu aliyekuwa nayo ni mwenzetu.

Ukungu ulipoingia siku hiyo, mlango wa usalama ukafifia. Ni mlango wa plastiki nzito inayoonyesha ng'ambo, unafungukia nje, uko mbele ya taya. Plastiki yote ikawa nyeupe kwa unyevu isipokuwa sehemu moja. Sehemu hiyo ilikuwa na umbo la kiganja. Cha kushoto, vidole vimetanuka. Nilidhani mmoja wetu amegusa, nikapitisha kitambaa. Hakikufutika, kwa sababu hakikuwa upande wangu. Kilikuwa upande wa ndani.

Niliufungua mlango, nikaufuta ndani kwa sabuni, kisha kwa spiriti. Elia, fundi wetu wa umeme, kijana mtu mzima mwenye familia na utulivu wake, akaukagua kwa tochi. Alisema plastiki imelika hapo, imekuwa laini zaidi ya pengine, ndiyo maana unyevu haushiki. "Mtu ameweka mkono hapa mara nyingi sana, mama," aliniambia. Nikamuuliza mtu anawekaje mkono upande wa ndani wa mlango uliofungwa. Akazima tochi.

Jioni ukungu ulipopungua kiganja kikatoweka. Alasiri iliyofuata kikarudi, palepale. Akina mama wakaanza kukiongelea kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, kama wanaongelea mgonjwa aliye chumba cha pili. Zaina peke yake ndiye aliyekifanyia mzaha. Alikipungia. Alisema angalau kuna mwenzake wa zamu.

Hapa inabidi niwaeleze desturi moja ya kazi, maana jambo lote limekaa juu yake.

Chai ikimiminwa kwenye mfuko inasimama. Inajaa juu, ina hewa katikati, na ukifunga hivyo majani yanaingia kwenye mshono. Kwa hiyo sisi tunaofungasha kwa mkono huku tuna namna yetu: mkono wa kushoto unashikilia mfuko uwe wazi, wa kulia unaweka kijiko chini na kuupiga mfuko tumboni makofi mawili mepesi. Pa, pa. Chai inashuka, inatulia. Tunaita kuilaza chai. Nililaza chai kabla sijajua kuisoma mizani, na Zaina naye ni hivyohivyo, aliona kwa bibi yake. Mfuko usiolazwa ukipita mbele yetu mkono unasononeka. Sisemi kwa kupamba. Zaina aliniambia kwa maneno haya: "Mama, kiganja kinawasha."

Mashine ya Kiango haikuwa na kitikisio. Mashine nyingi nzuri zina kibao kidogo chini ya bomba kinachoupigapiga mfuko kabla taya hazijafumba. Hii ilikuwa na matundu manne ya skrubu mahali kibao kinapofungwa, na kibao hakipo. Niliandika kasoro hiyo na nikamwambia Kiango kwa simu. Akasema kitu kidogo, kitapatikana. Wakati huo mifuko ikawa inatoka na vitambi, mmoja katika kila kundi ukiwa na majani kwenye mshono. Na Zaina amesimama mbele yake kutwa, anatazama chai isiyolazwa ikishuka, mfuko baada ya mfuko.

Nilimkataza kufungua mlango ikiwa inatembea. Akanijibu kwamba hata akifungua si itasimama, ndiyo kazi ya mlango. Alikuwa sahihi. Ndivyo inavyotakiwa, na ndivyo sote tulivyoamini, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyejua habari ya waya.

Alasiri ile ukungu ulikuwa mzito hata mlango wa jengo hauonekani ukiwa katikati ya chumba. Mashine ilikuwa inatembea vizuri. Nilikuwa napima mifuko mezani, hatua chache kutoka kwenye mashine. Kiganja kilikuwa kimeshajitokeza kwenye plastiki. Nikamwona Zaina akiufungua mlango. Hakuwa na haraka, wala hakuwa anatazama anachofanya. Alikuwa anazungumza na mwenzake habari za bei ya njegere. Mlango ule bawaba zake zimechoka, unarudi wenyewe kama haujazuiwa. Akauzuia kwa mkono wa kushoto, upande wa ndani, vidole vimetanuka. Kiganja chake kikakaa juu ya kile cha ukungu, na sikuona ukingo wowote uliobaki.

Mashine haikusimama mlango ulipofunguka. Nataka mlielewe hilo. Bomba lilishusha chai, taya zikaanza kuja. Mkono wa kulia wa Zaina ukaingia kuilaza. Pa. Akarudisha mkono kwa ajili ya kofi la pili.

Hapo ndipo iliposimama.

Zaina alikuwa bado anaongea habari za njegere. Aliutazama mkono wake uliokuwa kati ya zile taya, akatazama joto likitetemesha hewa juu ya ngozi yake, kisha akautoa polepole, kama mtu anayetoa mkono chini ya mtoto aliyelala. Akakaa sakafuni.

Mimi na Elia tulifungua paneli ya umeme palepale. Waya tuliukuta nyuma, mwekundu, mfupi, umeunganisha pande mbili za swichi ya mlango. Elia akaupima kwa mita, mita ikalia: umeme unapita. Akanitazama. Nilimwambia apime tena, akapima, ikalia tena.

Basi tukafanya kazi kama Mzee Shemhilu alivyotufundisha, kuondoa sababu moja baada ya nyingine. Ukungu wetu huingiza maji kwenye hewa ya kompresa, na maji yakifika kwenye pistoni za taya zinaweza kugoma. Nilifungua kichujio cha hewa. Kilikuwa kikavu. Taya zingeweza kusimama kwa kubana kitu, lakini hazikuwa zimebana kitu. Umeme ungekuwa umeyumba, skrini ingezimika, na skrini haikuzimika. Iliandika mlango uko wazi.

Tukaiwasha bila plastiki na bila chai. Elia akafungua mlango ikiwa inatembea. Haikusimama. Akafunga, akafungua, akaubamiza, akauzuia kwa mkono kama Zaina. Taya ziliendelea kufumba na kufumbua. Mwisho nilichukua kijiti kibichi cha mkaratusi, unene wa kidole, nikakipitisha mahali ulipokuwa mkono. Zilikivunja. Mlio wake ulikuwa mdogo. Nusu moja ikaanguka kwenye ndoo ya mifuko, nyingine ikabaki mkononi mwangu, ncha yake imeungua.

Zaina aliona hayo yote akiwa bado sakafuni.

Ndipo nilipoelewa kiganja. Mtu wa kabla yetu, mfungashaji wa chai, naye aliuona mfuko usiolazwa na mkono wake ukawasha. Akawa anafungua mlango, anauzuia kwa kushoto upande wa ndani, analaza chai kwa kulia, kila siku, hadi plastiki ikalika. Waya uliwekwa ili kazi isisimame anapofanya hivyo. Alama ya mkono wake wa kushoto niliiona. Ya kulia niliitafuta mashine nzima, haipo, na haikupaswa kuwapo, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa unagusa mifuko tu. Kwa nini mashine iliuzwa sijui. Kwa nini kibao cha kutikisa kiling'olewa sijui.

Kiango alipanda siku iliyofuata. Alisikiliza, akapangusa paji la uso, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Lakini mama, si mmeona wenyewe ni salama? Imesimama."

"Imesimama kwa sababu gani?"

"Sababu ya nini tena. Imesimama."

Kikundi kiligawanyika, msidhani wote walikuwa upande wangu. Maduka yalikuwa yanasubiri. Wapo waliosema mashine ile ina ulinzi, itatukinga, kuiacha ni kukataa neema. Wapo waliotaka mchungaji aje, wengine shehe, na mmoja alinong'ona kuhusu mganga wa kule chini kisha akajifanya hajasema. Niliwaacha waseme. Zamu yangu ilipofika niliwaambia kwamba kwenye kila mashine niliyowahi kuinunua au kuikataa, niliweza kuweka kidole mahali usalama ulipo: swichi hii, waya huu, kihisi hiki. Kwenye hii usalama ulikuwapo mara moja na sijui uko wapi. Kitu nisichojua kimefungwa wapi siwezi kujua kimefunguka lini. Sitamsimamisha mtoto wa mtu mbele ya hisani.

Wakamgeukia Zaina, maana mkono ni wake. Alikuwa ameufunika kwa kanga ingawa haukuwa na jeraha.

"Mimi sidhani ilisimama kwa ajili yangu," alisema. "Ilisimama kwa ajili ya yule mwingine. Mimi nimepita tu pale."

Tukaamua kuirudisha. Mashine ikapakiwa kwenye lori kabla ukungu haujashuka. Kabla haijapakiwa Elia aliutoa ule waya, kwa idhini ya Kiango aliyekuwa anatazama pembeni, na akanipa. Alimwonyesha Kiango swichi ikiwa inafanya kazi: fungua mlango, inasimama. Akamwambia iachwe hivyo.

Tulichelewa. Maduka mawili yalituacha, hilo sitawaficha. Tulipata mashine ndogo, mpya, ya polepole, ambayo Zaina anaiita bibi harusi kwa mwendo wake. Tuliichagua kwa kumtazama Zaina kwanza. Ina kitikisio. Mlango wake una swichi ya sumaku ambayo waya hauidanganyi kirahisi, na mbele ya taya kuna nafasi ndefu kuliko mkono wa mtu mzima. Fundi wa kuifunga alipouliza kitikisio kipige mara ngapi, Zaina alijibu kabla yangu: mara mbili. Mnapopita nje ya jengo mnaisikia. Pa, pa. Mikono ya Zaina imekaa kiunoni. Wakati mwingine kiganja cha kulia kinacheza kidogo chenyewe, hafifu, naye anakiacha kicheze.

Nimemtafuta Kiango kwa simu mara kadhaa tangu hapo. Mara ya mwisho alipokea. Alisema mashine ile ameshaiuza kwa dalali mwenzake, naye amewauzia akina mama fulani wanaofungasha chai. Wapi, hajui. Nilimwomba namba ya huyo mwenzake, akasema atanitumia, hakutuma. Nilipomuuliza kama swichi ya mlango iliachwa alivyoiacha Elia, alinijibu kwamba wanaofungasha wanaisifu sana, tangu ifike kwao haijawahi kusimama hata kidogo.

Ndiyo maana nimeandika. Mashine hiyo ni ya rangi ya kijivu, chini ya bomba ina matundu manne ya skrubu yasiyo na kitu, na ukungu au mvuke ukiingia ndani mtaona kiganja cha kushoto kwenye mlango. Yeyote kati yenu anayesimama mbele yake, azime umeme, aite fundi, afungue paneli ya nyuma. Waya niliokuta mimi ninao hapa kabatini. Elia huupima kila anapopita kunisalimia, na kila mara mita inalia. Haujawahi kukatika. Kwa nini mashine ilisimama siku ile hatujui.

Ila ule wa kwanza uko kwangu. Mkikuta waya kwenye paneli ile, mjue umewekwa upya.